Mjumbe wa halmashauri ya kijiji: mapato na matumizi hayasomwi, nianzie wapi?

Kijana wa Gulioni:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, nilichaguliwa Novemba 2024. Kijiji sitakitaja. Tuna gulio kila wiki, ushuru unakusanywa kwa mashine. Wananchi nao walichanga tukajenga boma la zahanati, likaishia kwenye renta. Sasa hivi mpapai umeota chumba cha sindano na umeshaanza kuzaa.

Tangu tuapishwe, mapato na matumizi hayajasomwa hadharani. Nikiuliza, mtendaji wa kijiji ananijibu, "Mjumbe, serikali iko kwenye maboresho, mifumo inabadilika, vuta subira." Tuliitwa semina ya ugatuaji wa madaraka, yaani kushusha maamuzi ngazi za chini, tukapewa daftari, soda na nauli, tukarudi. Mwenyekiti ni mtu mzima, hapendi ugomvi.

Nikikaza naambiwa nina ajenda za siasa. Nikinyamaza, mtaani wanasema nimeshapewa changu. Nifanyeje?

Mpiga Ramli:
Achana nao mkuu. Utaitwa mchochezi, halafu jina lako lipotee kwenye mbolea ya ruzuku.

Mzee wa Baraza:
Marahaba. Mwanangu, hayo maboresho sisi tumezeeka nayo. 1972 serikali za mitaa zilifutwa, tukaletewa madaraka mikoani, maamuzi yakashikwa na watumishi wa serikali kuu. 1982 sheria zikatungwa upya, serikali za mitaa zikarudishwa. 1998 ikaja sera ya maboresho, ikaahidi halmashauri zitajiajiria watumishi wake zenyewe. Leo mkurugenzi anateuliwa na Rais, mtendaji wenu ameajiriwa na halmashauri ya wilaya. Waliopigiwa kura ni ninyi, na mshahara hamna. Ukimuuliza habari za hela anatazama juu kwa waliomweka, hana sababu ya kutazama chini. Usimchukie, ndivyo kazi yake ilivyopangwa.

Fundi Saruji:
Mzee umenena, ila tuseme ukweli, mashine zimesaidia. Enzi za vitabu vya stakabadhi kulikuwa na kitabu cha halmashauri na kitabu cha mfukoni.

Dada wa Masijala:
Nimefanya kazi halmashauri, nisikilize. Usianze na gulio! Ushuru wa mashine kwa kawaida unaingia moja kwa moja akaunti ya halmashauri ya wilaya. Mtendaji atakuonyesha hivyo mbele ya watu na utaonekana hujui unachouliza. Suala la kiasi gani kirudi kijijini mbebeshe diwani, alisemee kwenye baraza la madiwani.

Wewe anza na zahanati. Ile michango ni mali ya kijiji. Omba vitu vitatu: daftari la waliochanga, stakabadhi za saruji na nondo, na taarifa ya benki. Usiombe kwa mdomo kibarazani. Ingiza ajenda kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, kile cha kila mwezi, iandikwe kwenye muhtasari. Jibu likija, mwenyekiti aitishe mkutano mkuu wa kijiji lisomwe pale. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na kwa Sura ya 287, ile sheria ya serikali za mitaa za wilaya na vijiji, ndio wenye kauli ya mwisho kwa mambo ya kijiji. Unatakiwa kila miezi mitatu, maboresho yawepo yasiwepo.

Na mzee mwenyekiti mfuate nyumbani jioni, usimshtukize kikaoni. Mwambie mnataka zahanati iezekwe, si mtu afukuzwe kazi.

Mpiga Ramli:
Dada, na kama hela zililiwa?

Dada wa Masijala:
Basi daftari ndilo litakalosema. Mjumbe asilitangulie.

Kijana wa Gulioni:
Nimeelewa, asanteni sana. Gulio naliweka pembeni kwanza. Wajumbe wanne wako upande wangu, wawili ni akina mama waliosomba maji ya ujenzi ule, hao hawatishiki. Swali moja: mtendaji ndiye katibu. Akiamua kutoiandika hiyo ajenda je?

Mzee wa Baraza:
Andikeni barua, wajumbe wote mnaokubaliana mtie sahihi, muitoe nakala. Ya kwanza mpeni yeye, ya pili mtendaji wa kata. Ile mnayobaki nayo agonge muhuri wa kupokea. Msiondoke ofisini bila huo muhuri, hata akiwaambia wino umeisha.