Kiyoyozi cha supamaketi kinapoza, lakini unyevu haushuki

msimamizi_duka
Wadau, hamjambo? Supamaketi iko Nairobi, ina viyoyozi viwili vya paani, tani 10 za uwezo wa kupoza kila kimoja. Tangu mvua za Aprili zianze vioo vya friza vinatoka jasho, koili (mabomba ya kupoza) za friji za wazi za maziwa zinashika barafu, na bili ya stima imepanda. Themostati tumeishusha hadi 20, ila kipima unyevu kinasoma 78%. Tuongeze cha tatu?

fundi_baridi
Usiongeze. Friji za wazi zinamwaga baridi dukani, themostati inaridhika mapema na kompresa (pampu ya gesi ya kupoza) inazima kabla koili ya kiyoyozi haijatoa maji ya maana hewani. Cha tatu kitafanya zizime mapema zaidi. Nyuzi 20 kwa 78% ni kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka maji) cha nyuzi 16. Friji nyingi za aina hiyo huundwa kwa duka la nyuzi 24 na 55%, yaani umande wa 14.

Anza na swichi ya feni. Ikiwa ON, feni inavuma hata kompresa ikizima, na maji yaliyo kwenye koili yanarudi dukani. Weka AUTO, feni izime pamoja na kompresa. Kisha punguza mwendo wa feni: kawaida ni lita 190 za hewa kwa sekunde kwa kila tani, shuka hadi 170 ukiangalia koili isigande. Hapa Nairobi, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, kwa hivyo vipimo vya pwani visikupotoshe. Feni ikienda 90% ya mwendo hula kama 73% ya umeme.

hewa_safi
Mna jiko la mkate? Shika ukanda wa karatasi nyepesi kwenye mlango mkuu. Ukielekea ndani, feni ya moshi inavuta hewa yenye maji kutoka barabarani; ipatie hewa yake yenyewe pale jikoni. Kagua pia mpindo wa bomba la maji chini ya koili ya kiyoyozi, ule unaobaki na maji ya kuziba hewa: ukikauka, feni inavuta hewa kupitia hapo na trei ya maji haimwagiki.

msimamizi_duka
Asanteni. Tukipandisha themostati, kompresa si itazima mapema zaidi?

fundi_baridi
Itazima, ndiyo maana kipima unyevu lazima kiwe na amri ya kuiwasha. Lenga nyuzi 23 na 50%. Hewa ikipoa kupita kiasi ipashwe joto kwa gesi moto ya kompresa za friji, joto ambalo sasa mnalitupa nje. Hita ya umeme itakula akiba yote. Unyevu ukishashuka, hita za milango ya friza, zile za kuzuia vioo kutoka jasho, ziongozwe na kiwango cha umande, zisiwake saa 24.