Naomba ushauri: mwongozo wa Kiswahili kuhusu matusi wanayotukanwa Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini) kazini Marekani

Wakuu, tunaandaa mwongozo wa kurasa mbili kwa Wakongomani walioko viwanda vya nyama Marekani, ambako wengi wao hufanya kazi na Walatino. Tumekwama.

Kubwa ni tafsiri. Kuna tusi la Kiingereza lenye maana ya "mgongo uliolowa", yaani mtu aliyevuka kinyemela mto Rio Grande, ulio mpakani mwa Meksiko na Marekani. Serikali yenyewe ililitumia kuipa jina operesheni ya kufukuza Wameksiko mwaka 1954. Ukilitafsiri neno kwa neno linapoteza makali, msomaji atadhani ni utani. Tuliache kwa Kiingereza na kuweka maelezo? Gumu zaidi ni kumwita kila Mlatino "Mmeksiko", maana neno lenyewe si tusi. Mtu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani kwa sheria ya 1917; ukimwambia arudi kwao, kwao ndiyo hapo hapo!

La pili ni malalamiko. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kazini, humbana mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 15. EEOC, tume ya serikali ya Marekani inayoshughulikia ubaguzi kazini, hupokea malalamiko ndani ya siku 180 tangu tukio, au 300 kama jimbo lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi. Wengi hukosea kwa kusubiri uchunguzi wa kampuni uishe, kumbe siku zinahesabika. Tena tusi moja kwa kawaida halitoshi. Hutakiwa matusi yajirudie, au tusi lenyewe liwe zito mno, hivyo daftari lenye tarehe, saa, maneno yenyewe na mashahidi ni lazima.

Je, tuweke ukurasa wa mfano wa daftari hilo, au maelezo yanatosha?