Tupeane uzoefu: mashine ya gemu ya kununua ikiwa tayari, na ile uliyoiunga mwenyewe

Kaka wa Mbagala

Wakuu, salaam. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita na nilimwahidi kompyuta ya gemu, ambayo pia ataenda nayo chuo. Fungu langu ni milioni mbili na laki mbili, monita anayo. Hii ni wiki ya tatu nazunguka Kariakoo na kila duka lina maneno yake. Huyu ananionyesha iliyoungwa tayari, ina taa kila upande, na yule anasema nichague vipuri yeye aunge. Simuulizi mtu ipi ni bora. Naomba yaliyokukuta: ulinunua nini, ilidumu muda gani, ilipokufa ilikufa kwa nini, na kifaa cha kubadilisha ulikipata wapi.

Naanza na langu. Mwaka 2021 kadi za grafiki, zile zinazochora picha za gemu, zilikuwa adimu. RTX 3060 iliingia sokoni kwa bei rasmi ya dola 329 mwezi wa pili mwaka ule, lakini bei hiyo sikuiona popote, maana wachimbaji wa Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, walikuwa wanazibeba kwa maboksi. Nikanunua mashine iliyoungwa tayari kwa sababu moja tu, kwamba kadi hiyo ilikuwa ndani yake. Bei ya mashine nzima ilizidi kidogo tu bei ya kadi peke yake mtaani. Nilicheza nayo miaka mitatu kwa raha, sina la kuilaumu kwa muda huo.

Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena kabla hata sijainuka kitini. Haikuwaka tena. Kufungua, nakuta pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani, ni ya umbo nisilolijua, na plagi yake kwenye mazabodi, ule ubao mkuu, ina pini sita badala ya zile 24 tulizozizoea. Mafundi wanne waliniambia neno moja: hii hatuna. Prosesa nzima, kadi nzima, RAM nzima, na mashine ikalala miezi miwili kwa kukosa kifaa ambacho cha kawaida kipo kila duka. Sitaki dogo aje kukwama hivyo akiwa Dodoma na mtihani wiki ijayo.

Jamaa wa Kayole

Pole sana ndugu. Mimi nimepitia njia zote mbili, na ya kwanza ilinifundisha ya pili.

2020 nilinunua mashine ya ofisi iliyotumika, zile zinazoletwa kutoka Uingereza, kwa shilingi 17,000 za Kenya pale Moi Avenue, Nairobi. Prosesa i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 8, kasha jembamba la kulala mezani. Nilitaka kuweka kadi kubwa. Fundi aliyeniuzia akanikalisha chini akanieleza kitu ambacho mpaka leo nawaeleza wengine: nafasi ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo lazima iletewe waya wake kutoka pawa saplai, na pawa saplai ya mashine ile haikuwa na waya huo. Kwa hiyo nikatafuta GTX 1650 fupi, isiyo na plagi ya ziada. Nilicheza GTA V na mpira miaka mitatu bila shida. Kwa pesa ile hakuna njia ya kuunga mashine mpya ikafika hapo, na sitamsikiliza anayeidharau.

2023 nikaamua kuunga. Nilikusanya vipuri miezi mitano, kila mwisho wa mwezi kimoja. Hapo ndipo nilipokosea: kifaa cha kwanza nilichonunua kilimaliza siku zake za kurudishwa dukani kabla cha mwisho hakijafika. Mazabodi ilikuwa B450 iliyotumika, prosesa Ryzen 5 5600 mpya. Siku ya kuwasha, feni zinazunguka, taa zinawaka, monita nyeusi. Nililala nikiwaza nimechoma kitu cha elfu kumi na tano. Kesho yake nikabeba kila kitu hadi kwa fundi Luthuli Avenue. Hakugusa waya hata mmoja. Aliuliza tu mazabodi ni ya mwaka gani, akatoa prosesa yangu, akaweka ya zamani ya kwake, akasasisha baiosi, ile programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi, akarudisha yangu. Picha ikaja. Kumbe mazabodi ilitoka kiwandani kabla prosesa hiyo haijazaliwa, haikuitambua.

Anayeunga Ryzen kwenye mazabodi ya zamani aulize dukani baiosi ni ya lini kabla hajatoa pesa. Au achukue mazabodi yenye kitufe cha kusasisha baiosi kwa flashi bila prosesa.

Binti Ngarenaro

Kwa wanaotumiwa mashine na ndugu walioko Marekani: angalieni nyuma ya pawa saplai kabla ya kuchomeka. Nyingine zina swichi ndogo nyekundu, 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ya kaka yangu ilifika ikiwa 115. Alichomeka ukutani, ukalia mlipuko mmoja na moshi ukajaa chumba. Kama hakuna swichi, soma kibandiko. Kikiandika 100 hadi 240 uko salama. Kikiandika 115 peke yake, usiichomeke, badilisha kwanza.

Mtu wa Ruwi

Assalaam aleykum. Mie nipo Muscat, kwetu Unguja, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapelekea vijana wa nyumbani mashine. Mwanzo nilikuwa nanunua nzima na kuituma kwa mzigo. Moja ilifika kadi imelegea, imening'inia kwa uzito wake njia nzima hata ikapasua pale inapochomekwa. Nyingine ilikuwa imejazwa sponji ndani kuilinda na safari, kijana hakujua, akaiwasha nayo hivyo hivyo. Alhamdulillahi aliizima mapema aliposikia harufu.

Sasa napeleka vipuri. Prosesa, RAM, SSD (diski) na kadi vinaingia kwenye begi la mkononi, tena kadi ndani ya boksi lake. Mazabodi naizungushia nguo katikati ya sanduku. Kasha sibebi, kasha ni hewa tupu na linakula kilo, wanalinunua hukohuko. Jambo moja linaloniuma ni dhamana: niliyoandikiwa dukani huku haifanyi kazi kule. Kijana wa Mkunazini RAM ilimharibikia mwezi wa tatu, nikangoja hadi nilipokwenda likizo kuichukua, nikarudi nayo Muscat, wakambadilishia, ikaenda na mtu mwingine. Ilichukua nusu mwaka. Kwa hiyo pawa saplai na SSD nawaambia wanunue nyumbani hata kama bei imezidi, wapate mtu wa kumfuata.

Mwenye Senta Mwanza

Nina senta ya gemu, mashine tisa. Nimesoma hapo juu nimeona wengi mnaongelea mashine moja. Kwangu mimi kuunga kumenishinda kwa sababu ya hesabu, si kwa sababu ya ujuzi.

Mwanzo niliunga tatu, kila moja na vipuri vyake nilivyovipata kwa bei nzuri. Moja ikigoma, nahangaika na draiva zake peke yake. Baadaye nikanunua sita za ofisi, zilizotumika, zote toleo moja, na ya saba nikaiweka stoo isiyofanya kazi yoyote. Pawa saplai ikifa leo jioni naichomoa ya stoo na dakika ishirini mteja anarudi kwenye kiti. Kile kifaa kilichokukwamisha wewe, Kaka wa Mbagala, mimi ninacho cha akiba kwa sababu nilinunua mashine ya akiba. Mtu wa nyumbani hawezi kufanya hivyo.

Ila nikupe tahadhari: Microsoft ilimaliza kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Tangu hapo mashine za kizazi cha sita na cha saba zinatolewa maofisini na bei zake zimeshuka. Kwa senta ni neema. Kwa mwanafunzi atakayekaa nayo miaka minne, ongeza kidogo uchukue ya nane.

Mama Wawili, Nyali

Hamjambo. Mimi si mtu wa kompyuta, ni mzazi. Nilimnunulia kijana wangu mashine tayari, ya bei kubwa, kwa sababu nilitaka mtu mmoja wa kumpigia simu. Miezi miwili analalamika gemu zinakwama. Nilidhani ni utoto. Binamu yake alipokuja Idd akatazama nyuma, akachomoa waya wa monita akauhamisha inchi chache chini. Ulikuwa umechomekwa kwenye mazabodi na si kwenye kadi. Kadi niliyolipia zaidi ya nusu ya bei ilikuwa imekaa bure muda wote huo.

Wakafungua na pembeni. RAM GB 16 niliyoambiwa ilikuwepo kweli, lakini kijiti kimoja. Akanieleza viwili vya nane hufanya kazi bega kwa bega na kimoja hakiwezi. Niliporudi dukani walinibadilishia bila maneno, nawashukuru. Kinachonisumbua ni kwamba nisingejua cha kudai.

Tangu siku hiyo kijana mwenyewe ndiye anayeifungua. Hapa kwetu hewa ya bahari na vumbi havina huruma, kila baada ya miezi mitatu anaitoa nje ya mlango na kuipuliza, anazishika feni kwa kidole zisizunguke.

Msafiri wa Columbus

Nipo Columbus, Ohio, mji ambako Micro Center, duka la kompyuta na vipuri, ilianzia mwaka 1979. Nimebahatika, nilipata prosesa, mazabodi na RAM vikiuzwa kwa pamoja kwa bei ya chini kuliko kimoja kimoja, nikaunga siku hiyo hiyo. Kwa miaka mingi nilikuwa nawaambia watu kuunga ni nafuu siku zote.

Sisemi hivyo tena. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa vibaya, viwanda vimeelekeza nguvu kwenye vituo vya akili mnemba, na mwezi wa 12 Micron ikatangaza kuiacha Crucial, jina lake la RAM na SSD za watu wa kawaida. Hapo nikaona mashine za dukani zilizoungwa kabla ya mpando huo zikiuzwa kwa pesa ambayo ukinunua vipuri vyake huvipati. Hali ni kama ile ya kadi ya 2021 aliyoisema mwenye mada. Kifaa kimoja kikiadimika, kitafute ndani ya mashine nzima.

Kijana wa Sinza

Mimi niliunga na nikapigwa. Baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, kadi zilizotumika zilimwagika. Nilinunua moja ya GB 8 kwa mtu tuliyekutana mtandaoni, tukajaribu kwake dakika tano, picha safi. Nyumbani, nusu saa ya gemu, kioo kinajaa vidoti vya kijani na mashine inazima. Namba yake haipatikani hadi leo. Laki tatu na nusu, pesa ya boom, ile posho ya mkopo wa chuo.

Siku hizi sinunui kadi bila kuiendesha na gemu nzito dakika arobaini mbele ya mwenye nayo, nikitazama joto. Akikataa naondoka. Naomba msinisome kama ninayekataza mitumba, kadi niliyonayo sasa ni ya mtumba pia na inakwenda mwaka wa pili.

Kaka wa Mbagala

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Ahsanteni kwa kuandika hata yaliyouma. Mama Wawili, maneno yako ya kutojua cha kudai yamenikaa kichwani.

Leo nimerudi Kariakoo na dogo mwenyewe. Nimekuta mashine ya kampuni, i5 ya kizazi cha kumi, ya kasha la kusimama, laki sita na nusu. Nilimwomba mwenye duka aifungue kabla ya kuongelea bei. Pawa saplai ina pini 24 na matundu manne ya skrubu mahali pake pa kawaida, na RAM ni vijiti viwili vya nane. Haina waya wa kadi kubwa, lakini naweza kuing'oa yote nikaweka ya wati 550 ya duka la jirani. Hivyo nanunua tayari, halafu pawa saplai na kadi dogo ataweka mwenyewe mezani kwangu Jumamosi, nami nimekaa pembeni. Inabaki kama milioni moja na nusu kwa hivyo viwili na UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, na sitaki kuimaliza yote.

Jamaa wa Kayole

Umefanya vizuri. Kabla ya Jumamosi chukua futi, pima kutoka ukuta wa nyuma wa kasha hadi pale pa diski mbele. Makasha ya ofisi huwa mafupi. Kama huna milimita 250, tafuta kadi ya feni moja.

Kaka wa Mbagala

Nimepima sasa hivi. Ni 228. Mwenye RTX 3050 au 3060 ya feni moja Dar, aje inbox, na aje na dakika arobaini zake.