Jiji la Kijani: Mbeya ijitangaze kwa lipi?

Mleta mada, Soweto
Wadau, hoja ni hii: fedha za kujitangaza ziende kwenye herufi kubwa za kupigia picha, zenye moyo mwekundu, pale Kabwe, au kwanza kwenye taka na mitaro? Nasimama na mitaro. Kijani tunachojisifia ni cha Mlima Loleza. Shuka sokoni Mwanjelwa mvua ikinyesha: majani ya kabichi na mifuko vimeziba mtaro, maji yanapita barabarani. Mwenyeji anayeruka dimbwi hilo hawezi kumwambia mgeni "karibu Jiji la Kijani" kwa moyo mmoja.

Mchangiaji, Uyole
Kuna kubwa zaidi. Vivutio tunavyovitaja karibu vyote haviko jijini. Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu viko Rungwe, Matema iko Kyela, Kimondo kiko Mbozi, ambayo tangu 2016 iko mkoa wa Songwe. Hata mchele wa Mbeya unalimwa Kyela na Mbarali. Lakini mwenye duka Dar akichomeka kipande cha boksi kwenye gunia, "Mchele wa Mbeya", mteja anaongeza bei bila kubishana. Tangazo hilo hakuna halmashauri iliyolilipia.

Jiji lenyewe ni lango, na lango ndilo tuliuze: reli ya TAZARA, uwanja wa ndege wa Songwe, njia panda ya Uyole inayokupeleka Iringa au Tukuyu hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Wekeni ubao stendi: gari la kupanda, mahali pa kushuka, saa ya gari la mwisho, nauli. Nauli iwe kwenye kibao cha kubadilisha. Ikipitwa na wakati, mgeni anagombana na kondakta, na ugomvi ndio anaoondoka nao.

Mchangiaji, Iyunga
Napinga kusubiri mitaro, haitaisha leo. Timu ya soka ya Mbeya City ilipanda Ligi Kuu 2013, ikamaliza ya tatu msimu wake wa kwanza, na jina la jiji likavuma nchi nzima kabla mtaro wowote haujazibuliwa. Herufi nazo zina kazi, mradi zijengwe vizuri: chuma kipigwe zinki kabla ya rangi, msingi wa zege uinuke juu ya maji ya mvua, na fungu la kupaka upya liwe kwenye bajeti ya kila mwaka. Nyekundu ya bei rahisi hupauka mapema juani, na moyo uliopauka ndio utakaosambaa kwenye picha.

Mleta mada, Soweto
Amsterdam waliziondoa herufi zao mbele ya makumbusho ya Rijksmuseum Desemba 2018, baada ya madiwani kuzikataa. Basi tupime kwanza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 jijini. Watu 384 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanatosha, kwa kosa la asilimia 5 juu au chini. Wachaguliwe kaya kwa kaya; ukisimama sokoni unakusanya wafanyabiashara na wapita njia wa Mbalizi, nje ya jiji. Waulizwe jioni pia, maana mchana wengi wako kazini. Usiulize "unajivunia Jiji la Kijani?", kwani kila mtu ataitikia. Uliza: "Mgeni wako akifika kesho, utampeleka wapi humu jijini?" Wakitaja Loleza, njia ya kupandia ndiyo ipate fedha. Wakikosa jibu, hoja ya lango imeshinda.

Mchangiaji, Iyunga
Swali nalikubali. Ila liulizwe mara mbili, Agosti na Januari. Majibu ya Agosti pekee hayatauona huo mtaro wa Mwanjelwa.