Nanyanyua vitu vizito nyumbani, kiuno kimeanza kulalamika. Naomba ushauri

Kiroba Kizito (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nina miaka 27, kilo 78, na sijawahi kuwa mwanamichezo wa maana. Mwaka jana niliangalia mashindano ya watu wenye nguvu, wale wanaokumbatia mawe ya mviringo na kutembea na mizigo mikononi huku mishipa ya shingo imewatoka. Nikanogewa. Kifua cha kupigia picha hakinivutii kabisa. Ninachotaka ni nguvu ya kubeba kitu kisicho na mpini.

Jimu haiendani na ratiba yangu, kwa hiyo nimejitengenezea vyangu: bomba la chuma lenye ndoo ya lita 10 ya zege kila upande, madumu mawili ya lita 20, na kiroba cha mchanga.

Shida ni hii. Nikinyanyua ile chuma ya zege kutoka chini, seti mbili za kwanza ziko freshi. Ya tatu kiuno kinakaza, na kesho yake nikiinama kufunga kamba za viatu lazima nishike ukuta. Kila video naambiwa "nyoosha mgongo". Nanyoosha, na nahisi umenyooka kabisa. Juzi mdogo wangu akanirekodi kwa pembeni: mgongo umepinda kama upinde wa mshale. Nakosea wapi? Na mtu kama mimi aanzie wapi, maana kila mtu ana programu yake.

Mkuu wa Kijiwe

Nilivyosoma kichwa cha uzi nikajua ni wa kuhama nyumba. Nina kabati nataka kulihamisha chumba, kama uko tayari sema.

Mzee wa Nondo

Kijana, achana na huyo. Nijibu swali moja kwanza. Chuma yako ikiwa imelala chini, kutoka sakafuni hadi katikati ya bomba ni sentimita ngapi?

Kiroba Kizito

Nimepima kwa rula sasa hivi mkuu. 13. Kwani vipi?

Mzee wa Nondo

Basi nusu ya ugonjwa wako tumeshaupata. Sahani kubwa za chuma za mashindano zina kipenyo cha milimita 450. Maana yake bomba linakaa sentimita 22.5 kutoka chini, na video zote unazoangalia zinafundisha kunyanyua kutoka kimo hicho. Wewe unaanza karibu sentimita 10 chini zaidi. Watu wengi nyonga zao hazikunjiki kiasi hicho huku mgongo umetulia, kwa hiyo mwili unazitafuta hizo sentimita kwingine, na mahali rahisi pa kuzipata ni kiunoni. Hata ungekuwa na nidhamu ya askari, ungepinda tu.

Weka mbao imara chini ya kila ndoo hadi bomba lifike sentimita 22 au 23. Kama bado unapinda, ongeza ubao mwingine, hakuna anayekudai. Mwezi ujao utapunguza kidogo kidogo.

Jambo la pili, zipime hizo ndoo. Lita moja ya zege ni kama kilo 2.4, kwa hiyo ndoo ya lita 10 inakaribia kilo 24, lakini za kutengeneza kwa mkono hazilingani kamwe. Yangu ya kwanza upande mmoja ulizidi kwa kilo 3, nikawa najipinda kulia miezi miwili bila kujua. Kama ndoo zimeshagandia kwenye bomba, weka mzani wa kupimia watu chini ya ndoo moja na ubao wa kimo kilekile chini ya nyingine, soma, halafu hamisha mzani upande wa pili. Zikitofautiana, geuza chuma kila baada ya seti moja.

La tatu sina utani nalo. Hiyo chuma isipite juu ya uso wako wala shingo yako. Usilale chini yake kusukuma kifua ukiwa peke yako. Zege likiachia kwenye bomba haligongi hodi. Kama hukupitisha misumari au bolti kwenye ncha za bomba kabla ya kumwaga zege, iache ibaki chuma ya kunyanyulia kutoka chini tu. Kusukuma juu ya kichwa tumia kiroba.

Dada Chuma

Mzee wa Nondo amemaliza ya vifaa, mimi nizungumzie mwili, maana ubao hautamfundisha mtu kukunja nyonga.

Chukua mti wa fagio, uweke mgongoni wima. Uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na kifandugu. Mkono mmoja uushike nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya kiuno. Sasa legeza magoti kidogo na sukuma makalio nyuma, kama mtu anayefunga mlango kwa makalio kwa sababu mikono imejaa vyombo. Kifua kitashuka chenyewe. Fagio likiachia sehemu yoyote kati ya hizo tatu, umeshapinda, rudi juu. Kiroba Kizito, wewe umesema unahisi umenyooka na kumbe umepinda. Hisia ya mgongo ni mwongo mkubwa kwa mtu anayeanza. Fagio halina sababu ya kukudanganya. Fanya mara 10 kila siku kwa wiki mbili, bila uzito wowote.

Halafu pumzi. Wengi wakiambiwa "vuta pumzi" wanapandisha mabega. Hiyo ni pumzi ya kupiga mbizi. Weka vidole gumba nyuma ya kiuno na vingine mbele ubavuni, vuta pumzi hadi vidole vyote visukumwe, mbele, pembeni na nyuma. Kisha kaza tumbo kama kuna mtu anataka kukupiga ngumi. Shikilia, nyanyua, ukifika juu ndiyo uachie na uvute nyingine. Kila mnyanyuo na pumzi yake. Nikiona mtu anafanya mara 5 kwa pumzi moja najua ya nne itakuwa mbovu.

Na usiing'oe chuma. Ivute kwanza mpaka mikono inyooke na usikie uzito umeingia miguuni, ndipo usukume sakafu kwa nyayo. Bomba lipande likipapasa ugoko na mapaja. Likikaa mbele yako hata kwa kiganja kimoja, kiuno ndicho kinalipa.

Mbishi wa Mbishi

Samahani wataalamu, mbona wale mabingwa wenyewe wanapinda? Nimewaona kwenye mawe, mgongo kama kobe. Jamaa wa Iceland, Hafþór Björnsson, alinyanyua kilo 501 mwaka 2020, na mgongo wake wa juu haukuwa rula. Mnamtisha kijana bure.

Dada Chuma

Swali zuri, ila umechanganya vitu viwili. Jiwe la mviringo halina pa kushika, huwezi kulikumbatia bila kujikunja juu yake. Wanajikunja kwanza, wanakaza, halafu umbo hilo linabaki vilevile mpaka jiwe lifike mapajani. Hatari ni mgongo unaoanza umenyooka ukaendelea kupinda huku uzito umo mkononi. Wa mleta uzi unapinda njiani, seti ya tatu, akiwa amechoka. Halafu huyo unayemtaja alikuwa na miaka mingi ya mazoezi kabla ya siku hiyo. Huyu wetu ana ndoo mbili.

Mbishi wa Mbishi

Sawa dada, nimekusikia. Kuhusu mkanda wa kiuno lakini nabaki na msimamo wangu, anunue.

Mzee wa Nondo

Mkanda unasaidia pale tumbo linapojua kuusukuma. Asiyejua kukaza tumbo ukimvika mkanda umemvika pambo. Miezi 6 ya kwanza auache.

Fizio wa Zamu

Nafanya kazi ya kutibu viungo, niongeze kidogo. Kiuno kukaza siku moja au mbili baada ya mazoezi ni jambo la kawaida, kinatulia chenyewe. Yasiyo ya kawaida: maumivu makali kama umeme yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti, ganzi, mguu kukosa nguvu. Ukiona hayo acha kunyanyua, nenda ukapimwe. Na ganzi ikiwa sehemu za siri, au ukashindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi. Pia mwenye presha ya juu au ngiri aongee na daktari kabla ya kuanza, kwa sababu kule kubana pumzi kunapandisha presha ghafla.

Kwa sasa, wiki moja usinyanyue ile chuma kabisa. Tembea, fanya zoezi la fagio. Ukirudi, anza na nusu ya uzito.

Kiroba Kizito

Asanteni sana. Kwa maelezo yenu sina hata dalili moja ya hatari, ni kukaza tu. Nusu ya uzito naipataje na ndoo zimeshagandia? Na dada, naomba unipe mpangilio wa wiki.

Dada Chuma

Nusu ya uzito ni dumu moja. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na ushee. Liweke katikati ya miguu, juu ya mbao, ulishike kwa mikono miwili, unyanyue kwa staili ileile. Lijaze mpaka juu kabisa. Dumu la nusu maji yake yanacheza na kukuyumbisha, hilo ni somo la baadaye. Ukitaka zito zaidi weka mchanga mkavu, lita moja ni kama kilo 1.6, kwa hiyo dumu linafika 32.

Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Kila siku anza na kunyanyua kutoka chini, seti 3 za mara 5, pumzika dakika 2 au 3 katikati. Halafu siku moja chuchumaa ukiwa umekumbatia kiroba kifuani, siku inayofuata kisukume juu ya kichwa, mnaendelea kupokezana hivyo. Malizia kwa kubeba madumu mita 20, mara 4. Hatua fupi za harakaharaka, mabega chini, macho mbele. Hatua ndefu zinayumbisha mzigo, na mzigo ukiyumba unakuburuza. Mpini wa dumu ni mwembamba na unakata vidole, uzungushie kitambaa. Mpini ukinenepa, mshiko unakaza vizuri zaidi.

Kila seti iishe ukiwa bado una mara 2 mfukoni. Ukimaliza zote 15 bila mgongo kuhama kwenye video, ongeza kilo 2, sio 10.

Sasa kiroba, maana ndicho kilichokuleta. Mchanga uweke kwanza kwenye mifuko miwili ya plastiki, moja ndani ya nyingine, ufunge, ndipo utie kwenye kiroba. Bila hivyo siku moja utafagia. Simama kiroba kikiwa katikati ya nyayo, ingiza viganja chini yake kabisa. Mikono inyooke kama kamba. Ukikunja viwiko ili uvute, umempa msuli wa mbele wa mkono kazi ya nyonga, na huo ndio msuli unaowachanika wabeba mawe. Kipandishe mpaka kikalie mapaja, ukiwa umekaa nusu kama uko kwenye kigoda kifupi. Tulia hapo. Badili mshiko, kikumbatie kwa juu, kifua kikilalie. Ndipo usimame.

Mzee wa Nondo

Hapo kwenye kigoda ndipo wengi wanapofanya haraka. Iceland kuna jiwe la kale, la Húsafell, kilo 186, linabebwa kifuani kwa kukumbatiwa. Anayelibeba halitoi chini mpaka kifuani kwa mvuto mmoja. Mapaja ndiyo kituo cha kati.

Kiroba Kizito

*(wiki 6 baadaye)*

Wakuu nimerudi na mrejesho. Wiki ya kwanza sikugusa chuma, nilikuwa na fagio tu, nyumbani wakadhani nimepatwa na jambo. Kumbe fagio lilikuwa linaachia kwenye kifandugu kila nikipita usawa wa magoti. Sasa haliachii. Chuma iko juu ya mbao, sentimita 23, na ndoo moja ilizidi nyenzake kwa kilo 2, Mzee wa Nondo ulijuaje! Nafanya seti 3 za mara 5, kwenye video mgongo umetulia, na viatu nafunga bila ukuta. Madumu nimeshayatia mchanga.

Kasoro ni kiroba. Cha kilo 40 nakichezea. Cha 55 kinafika mapajani, nikitaka kusimama kinakwama usawa wa kitovu na kinaanza kuteleza.

Dada Chuma

Hongera sana. Ukiwa na kiroba mapajani, unavuta pumzi mpya?

Kiroba Kizito

Hapana. Natumia ile ya chini.

Dada Chuma

Basi unasimama na tumbo lisilo na hewa. Kikumbatie, vuta pumzi ya pili ukiwa umekaa palepale, kaza, halafu peleka nyonga mbele kuelekea kiroba. Usikivute juu kwa mikono, mikono kazi yake ni kukibana tu. Jaribu ulete jibu.

Kiroba Kizito

Nimetoka kujaribu sasa hivi. Kimepanda mara mbili. Ya tatu nimekiachia mwenyewe kwa kicheko.

Mkuu wa Kijiwe

Kabati bado lipo.

Kiroba Kizito

Lina vishikio?

Mkuu wa Kijiwe

Halina hata kimoja.

Kiroba Kizito

Nakuja Jumamosi.