Katoka Karonga darasa la tano, hapa Kyela wamemrudisha la tatu

Shangazi wa Kyela
Jamani habari zenu. Mwezi wa pili nilimchukua mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka 11, tukavuka naye mpaka wa Kasumulu. Kule Malawi alisoma kwa Kiingereza na Kichewa. Hapa shuleni walimpa kitabu cha Kiswahili asome, akakwama mstari wa kwanza, wakamweka la tatu palepale. Mapumziko hana shida: wenzake wanaongea Kinyakyusa, yeye Kingonde, wanaelewana vizuri tu. Kengele ikigonga anakuwa bubu.

Juzi nimefungua daftari lake la hisabati. Swali: chora saa mbili asubuhi. Kachora duara safi kwa kifuniko cha chupa, mshale mfupi kauelekeza kwenye 2. Kakosa. Kumbe kwao asubuhi hiyo wanaiita saa nane, kwa kuwa mshale mfupi unakuwa kwenye 8; aliposikia mbili akauweka kwenye 2! Sasa huyu ni wa kuambiwa hajui hesabu? Inaniuma mno. Niende kwa nani?

Mwalimu mstaafu, Tunduma
Pole mwanangu. Nimefundisha watoto wanaovuka kutoka Nakonde, Zambia, hayo nayajua. Nenda kwa mwalimu wa taaluma na madaftari yake ya Karonga mkononi. Omba apimwe kwa hesabu za tarakimu tupu, zisizo na maneno. Kiswahili kitakuja haraka akikaa dawati moja na mtoto muongeaji, hilo la dawati usilidharau. Ila msilale: darasa la nne kuna upimaji wa taifa, na ukiacha somo la Kiingereza, maswali ni ya Kiswahili.

Wa Chitipa
Dada, mimi nilikuwa huyo mtoto, nilitoka Chitipa, Malawi. Kilichonitesa ni salamu. Kila asubuhi namwambia mwalimu "habari", darasa zima linacheka, na hakuna aliyenifundisha shikamoo. Mfundishe leo. Halafu mtume dukani peke yake, bila karatasi. Namba za Kiswahili nilizishika kwa kudai chenji.

Shangazi wa Kyela
Shikamoo mwalimu. Asanteni sana wote. Nilienda jana. Wamempa hesabu 20, za kugawanya na za sehemu, kapata 18. Jumatatu anaingia la nne; la tano tutaongea muhula ukiisha. Jioni nikamtuma chumvi na kiberiti. Nilimsikia kabla hajafika mlangoni, anajisemea njia nzima: "Mia tano, mia mbili, imebaki mia tatu."