Kijana wangu ana nyota tatu. Je, hizi nyota zina maana kwenye kumkuza mchezaji? Naombeni ushauri

mama_wa_91
Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Naomba mawazo, hasa ya mlio Marekani wenye watoto au ndugu wanaocheza futiboli ya Kimarekani.

Tunaishi Fort Worth, Texas. Kwetu ni Kigoma. Kijana wetu wa kwanza alikulia kwenye soka, lakini alipoingia hai skuli kocha aliona urefu wake akamvuta upande wa pili. Msimu wake wa mwisho umeisha juzi. Anacheza difensivu endi, yule wa pembeni ya laini ya ulinzi ambaye kazi yake ni kumkimbiza kwotabeki, mrushaji mpira wa wapinzani. Ana futi 6 na inchi 4, pauni 225, na bado anarefuka. Suruali ya Agosti imeshamwacha vifundo nje.

Mitandao ya usajili, ile inayowapima vijana wa hai skuli kabla vyuo havijawachukua, imempa nyota tatu kati ya tano. Ofa za maana ni mbili. Moja ni ya chuo cha ngazi ya FCS, ile iliyo chini ya vyuo vikubwa, ufadhili kamili. Kocha wao wa laini alikuja nyumbani, akala ugali na dagaa bila kusita, kisha akachukua karatasi akamchorea kijana jinsi mguu wake wa kwanza unavyokwenda pembeni badala ya kwenda mbele mpira unapoanzishwa. Ya pili ni ya chuo kikubwa, kila Jumamosi kipo kwenye runinga. Hao wanamtaka aingie bila ufadhili, kile wanachokiita woki-oni, "halafu tutaona mbele ya safari". Kwenye namba yake wana vijana wa nyota nne na tano.

Kijana anataka kikubwa. Anasema kama wenye nyota ndio wanaofika NFL, ligi kuu ya kulipwa, bora akafue nao jasho. Baba yake anasema nyota ni biashara ya mitandao tu. Na kuna jamaa anatushawishi tulipie onyesho la vipaji la Januari, eti kijana atapandishwa kuwa wa nyota nne. Ninachotaka kujua ni hiki: mtoto wa nyota tatu akifika chuoni anafundishwa kama wenzake, au anakuwa wa kujazia mazoezi? Siku ya kusaini ya Februari inakuja mbio.

kipanga_wa_Houston
Mama, hiyo hela ya onyesho nunua chakula. Pauni 225 kwa namba yake bado ni mwembamba. Kocha anayemtaka ameshaona video za mechi zake.

mzee_wa_Des_Moines
Dada yangu, karibu. Nimeifuatilia hii michezo ya vyuo miaka mingi, na wewe na mzee mwenzangu nitawaambia kwamba nyota si uongo. Ila zinajibu swali lingine, si hilo mnalouliza.

Mitandao kama 247Sports inatoa nyota tano kwa vijana wachache mno, thelathini na kidogo kwa mwaka, ikilenga idadi ya watakaochaguliwa raundi ya kwanza ya drafti, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wa vyuo kwa zamu. Wa nyota nne ni mamia. Wa nyota tatu ni wengi kupita wote hao. Ukichukua kundi zima, wa nyota tano wanafika NFL kwa uwiano mkubwa kuliko wa nne, na wa nne kuliko wa tatu. Hilo halina ubishi. Kwenye timu nzima pia linaonekana. Mwandishi Bud Elliott alionyesha kwamba mabingwa wa taifa wa vyuo, kwa miaka mingi, walitoka kwenye vyuo ambavyo zaidi ya nusu ya waliosajiliwa kwa miaka minne walikuwa wa nyota nne na tano. Kumbukeni chuo cha TCU, hapohapo kwenu Fort Worth. Hawakuwa kwenye kundi hilo. Msimu wa 2022 wakaitoa Michigan 51-45, nchi nzima ikashangilia, halafu fainali wakakutana na Georgia wakapigwa 65-7. Siku ile kina cha kikosi kilionekana kwa macho.

Lakini msimu huohuo Texas A&M walikuwa wamesajili kundi lililowekewa alama kubwa kuliko yote tangu mitandao ianze kuhesabu. Wakamaliza na ushindi 5 na vipigo 7, na wengi wa vijana wale wakahama. Vipaji vilikuwepo. Kukua ni kazi nyingine.

mwana_wa_Reli
Mzee umeongea, ila usimkatishe mama tamaa. Kwotabeki Cam Ward alitoka mji mdogo hapa Texas, shuleni kwao walikuwa wanakimbia na mpira muda wote, kwotabeki harushi. Hakuwa na nyota hata moja. Chuo kilichompa ufadhili ni Incarnate Word cha San Antonio, ngazi ya FCS. Akaenda Washington State, akaenda Miami, na 2025 akachaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti. Drafti hiyohiyo Quinn Ewers, aliyetoka hai skuli na alama zilizojaa, hakuna pa kuongeza, alisubiri mpaka raundi ya saba.

Josh Allen, kwotabeki nyota wa NFL, alimaliza hai skuli bila ofa ya chuo kikubwa, akaanzia chuo cha miaka miwili California, kisha Wyoming. J.J. Watt, aliyekuja kuwa mlinzi nyota wa NFL, aliacha ufadhili Central Michigan akaenda Wisconsin bila ufadhili. Kijana wako si wa kwanza kuingia bila hela.

mzee_wa_Des_Moines
Kijana, hayo yote ni kweli. Ila tunawataja kwa sababu walifanikiwa. Wale maelfu wa nyota mbili na tatu waliorudi nyumbani na goti bovu hakuna anayewaandika. Ndiyo maana kwenye NFL utakuta wa nyota tatu kibao, kwa sababu walioanza nazo walikuwa wengi, lakini kwa mtoto mmoja njia ni nyembamba. Mama akilielewa hili ataacha kuuliza "wangapi walifika" na atauliza "huyu wangu atapewa nini pale anapokwenda".

kocha_msaidizi_Columbus
Nimefanya kazi ya usaidizi kwenye chuo cha kati, nieleze linavyokwenda kwa ndani, kwa sababu hapa ndipo mzazi anapotelea.

Nyota hazimfundishi mtu. Zinamnunulia subira. Kijana wa nyota tano akikosea wiki mbili, kocha anasema bado anazoea. Shule imewekeza hela na jina kwake, kocha mkuu ametamka mbele ya waandishi kwamba huyu ndiye. Atapewa nafasi ya tatu na ya nne. Woki-oni akikosea mara mbili siku moja, anarudi kwenye kikosi cha kuigiza wapinzani, wiki nzima anacheza mfumo wa timu nyingine ili wenzake wajiandae. Si chuki. Muda wa mazoezi una kikomo, na kocha anaupeleka kwa watakaocheza Jumamosi.

Kwa difensivu endi hili lina uzito kuliko namba nyingine. Anajifunza kwa kurudia: mkono wa ndani ugonge wapi, nyonga igeuke saa ngapi, amsome vipi mtu wa laini anayerudi nyuma. Kurudia huko kunahitaji kocha anayemwangalia yeye. Mtu anayetazama mazoezi ya wenzake akiwa amevaa vifaa kamili hakui, hata wenzake wawe na nyota kumi.

Tena umri huu mwili haujatulia. Wanaopanga nyota wanamtazama mtoto wa miaka 16 au 17. Aliyebalehe mapema anaonekana simba leo. Huyu wako anayeendelea kurefuka hajaonyesha mwili wake. Kwenye namba za laini ndipo wanakosea zaidi, kwa sababu wanakisia pauni ambazo bado hazijaliwa.

Na mjue kitu kimoja: mara nyingi nyota zinafuata ofa. Chuo kikubwa kikimtaka mtoto, wapangaji wanarudi kuangalia video zake upya na alama zinapanda. Kwa hiyo anayewauzia nyota ya nne anawauzia kivuli.

Mtazameni Jared Verse. Namba ileile ya mwanao. Hakuwa na nyota, akaanzia chuo cha Albany, ngazi ya FCS. Akacheza sana kule, akahamia Florida State, 2024 akachaguliwa wa 19 na timu ya Rams, na akawa mlinzi bora chipukizi wa mwaka huo NFL. Khalil Mack alikaa chuo cha Buffalo mpaka mwisho, na 2014 akachaguliwa wa tano. Kwenye chuo kikubwa chenye foleni ya nyota tano, nani angewapa mechi zile zote?

binti_Ujiji
Nami niongeze Kwity Paye, naye difensivu endi. Familia yao walikuwa wakimbizi wa Liberia, yeye alizaliwa Guinea akalelewa Rhode Island na mama anayefanya kazi usiku na mchana. Alikuwa wa nyota tatu. Lakini Michigan walimpa ufadhili kamili, walimtaka. 2021 akachaguliwa raundi ya kwanza. Kwa hiyo chuo kikubwa si kibaya, mama, kibaya ni kwenda mahali ambapo hakuna aliyejifunga kwako.

mama_wa_91
Jamani asanteni, nimemsomea kijana yote, amenyamaza kimya. Ya kocha msaidizi yamemgusa. Ameuliza maswali mawili. La kwanza: si hata woki-oni anaweza kupewa ufadhili akifanya vizuri? La pili: akienda FCS si ndiyo basi, hawezi kupanda tena?

kipanga_wa_Houston
La pili limejibiwa na Cam Ward na Verse. Siku hizi kuna potali ya uhamisho, mchezaji anahama na anacheza palepale bila kukaa nje mwaka. Makocha wakubwa wanachukua wachezaji wa FCS wenye video za mechi za watu wazima kuliko mtoto wa hai skuli.

kocha_msaidizi_Columbus
La kwanza: inawezekana, na wapo waliopata. Stetson Bennett aliingia Georgia bila ufadhili, akaja kuwaongoza kuchukua ubingwa mara mbili mfululizo. Lakini mazingira yamebadilika. Baada ya suluhu ya mahakamani ya Juni 2025, vyuo vilivyoingia kwenye mfumo mpya wa kuwalipa wachezaji vina kikomo cha wachezaji 105 kwenye futiboli. Zamani walipewa ufadhili 85, na juu yake unajaza woki-oni unavyotaka, wengine walifikisha 120 na zaidi. Sasa kila kiti kina hesabu, na wa kwanza kukatwa ni asiye na ufadhili.

Mpigieni simu kocha wa laini wa chuo kikubwa, si yule afisa wa usajili anayewatumia picha za jezi. Aulizwe na kijana mwenyewe: nipo ndani ya hao 105 Agosti ijayo? Ni difensivu endi wangapi wanarudi, na mnaleta wangapi kutoka potali? Woki-oni wa mwisho kupewa ufadhili kwenye namba hii ni nani, na alisubiri miaka mingapi? Akizungukazunguka, mmeshajibiwa.

Yule wa FCS naye aulizwe vilevile. Nani anasimamia chakula na mazoezi ya uzito? Ufadhili ni kamili kwa mwaka mmoja au wameandika zaidi? Hii ya pili isomeni kwenye karatasi, maneno ya sebuleni hayatoshi. Na aombe kuona video za mlinzi yeyote aliyekuja na pauni 225: mwaka wa kwanza anaonekanaje, mwaka wa tatu anaonekanaje. Kocha anayekuza watu anazo video hizo kwenye kompyuta yake na anapenda kuzionyesha.

mzee_wa_Des_Moines
Na masomo 16 ya msingi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, yawe yamekamilika na wastani usiopungua 2.3, mama. Nimeshuhudia vijana wenye mwili na ofa wakikwama hapo.

mama_wa_91
Wastani wake ni 3.4, hapo tunamshukuru Mungu. Simu atapiga Alhamisi baada ya shule, baba yake atakaa pembeni asiongee. Maswali nimemwandikia kwenye karatasi, la 105 ndilo la kwanza.

kocha_msaidizi_Columbus
Vizuri. Mwambie pia amuulize kama wana mpango wa kumpumzisha mwaka wa kwanza. Kwa sheria ya 2025 mchezaji alipewa miaka mitano ya kucheza misimu minne, na aliweza kugusa mpaka mechi nne bila kuupoteza msimu. Kwa mwili wake ningetamani apate huo mwaka, ale, anyanyue vyuma, aingie uwanjani akiwa na pauni 245.